Bunduki ya skopu inapiga huku na huku? Anzia hapa kabla hujagusa nobu

Bunduki ikianza kukosa, watu wengi kitu cha kwanza wanashika nobu za skopu (vile vifundo vya kurekebishia darubini ya kulengea) na kuanza kuzungusha, kliki nne kulia (kliki ni hatua moja ndogo ya nobu), piga moja, aah imepitiliza, rudisha mbili, piga nyingine, na boksi la risasi ishirini likiisha hakuna hata mmoja pale anayejua bunduki inapiga wapi. Kwa bei ya risasi za .375, zile kubwa za kuwindia nyati, hiyo ni hela ya maana imeishia kwenye kichuguu. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili, acha nobu kwanza. Nobu inasaidia bunduki ambayo inapiga sehemu moja ila si sehemu unayoitaka, haimsaidii mtu ambaye bunduki yake kila risasi ina njia yake.

Hayo ni magonjwa mawili tofauti na watu wanayachanganya sana. La kwanza bunduki IMEHAMA, yaani risasi zote tatu zimekaa pamoja vizuri tu ila kundi zima liko sentimita kumi kushoto. Hiyo si ya kukuogopesha, mara nyingi ni safari, au risasi za aina nyingine, au mtu kaigonga skopu mlangoni. La pili bunduki INATAWANYA, moja juu, moja pembeni, moja hujui ilikoenda, au asubuhi inakaa vizuri na jioni haikai. Hili la pili ndo naliongelea hapa zaidi, maana ndo linalomfanya mgeni (mteja aliyekuja kuwinda) ajeruhi nyati saa moja asubuhi halafu nyinyi mnaingia kichakani kumfuata.

Mifano yangu mingi ni ya .375 H&H kwa sababu ndo bunduki utakayokutana nayo sana kwenye vitalu vya uwindaji Tanzania, risasi ya tangu 1912 lakini bado ndo saizi ya kuanzia kwa nyati, simba na tembo. Ila kama una .30-06 au .308 au .300 mambo ni yale yale, tofauti .375 inapiga teke kubwa, karibu mara mbili ya .30-06, kwa hiyo chochote kilicholegea itakionyesha mapema.

Usalama nausema mara moja tu halafu tunaendelea. Toa magazini, vuta bolti, angalia chemba kwa macho NA kwa kidole, risasi ziweke mbali na meza unayofanyia kazi. Ukisema "nilishaangalia" angalia tena. Na bunduki iwe ya kibali na mahali pa kupigia pawe panaruhusiwa, kama mko kitaluni basi mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori wawe wanajua mnapiga shabaha, maana mlio wa .375 unasikika mbali na mtu anaweza kuja na maswali.

KWANZA PATA PICHA YA UKWELI

Huwezi kutibu usichokipima. Weka karatasi mita 100 (pima kwa hatua kama huna kipimo, ila pima, usikadirie kwa macho, nyikani watu wanakosea sana umbali), nyuma yake kuwe na kichuguu au ukingo wa udongo. Bunduki ilaze kwenye mifuko ya mchanga, mmoja mbele chini ya ubao (sehemu ya mti au plastiki inayobeba chuma cha bunduki), mmoja nyuma chini ya kitako. Kama unapigia juu ya boneti ya Landcruiser usilaze ubao moja kwa moja kwenye bati, bunduki itaruka na risasi itapanda juu, weka blanketi lililokunjwa au jaketi nene. Na kamwe mtutu wenyewe usiguse kitu chochote, sio mfuko, sio jiwe, sio mkono wako. Kinacholala kwenye mfuko ni ubao, na kilale sehemu ile ile kila risasi, weka alama ya penseli kwenye ubao kama unajijua unasahau.

Vile vijiti vya miguu mitatu tunavyopigia porini ni vya mazoezi na vya kuwindia, sio vya kutafutia ugonjwa wa bunduki. Ukipigia vijiti hujui kama umekosea wewe au imekosea bunduki.

Piga tano, sio tatu. Najua ni ghali. Ila tatu zinadanganya, bunduki mbovu inaweza kukupa tatu nzuri kwa bahati ukaenda kulala umefurahi. Kama bega linakuuma au risasi ni chache, piga tatu leo mchana, tatu jioni, tatu kesho asubuhi kwenye karatasi HIYO HIYO bila kugusa nobu, ukiandika namba pembeni ya kila tundu. Zile namba ni dhahabu. Karatasi yenye matundu tisa bila namba inakuambia bunduki inatawanya, yenye namba inakuambia inatawanya kwa mtindo gani.

Na usiwe na haraka kati ya risasi na risasi. Mtutu mwembamba wa kuwindia ukipata moto unaanza kutembea, na pia lile joto linalopanda mbele ya skopu linafanya karatasi ionekane inacheza. Shika mtutu kwa mkono, kama huwezi kuushikilia bila kuungua, subiri. Weka bunduki kivulini bolti ikiwa wazi, kunywa chai.

Halafu soma karatasi:

Makundi mawili, kila moja zuri peke yake. Hapa kuna kitu kinahama kati ya sehemu mbili, kinaruka huku kinarudi. Skopu inateleza kwenye ringi (pete zinazoishika), au besi (kipande kinachoshika ringi juu ya chuma) imelegea, au chuma cha bunduki kinacheza ndani ya ubao, au ndani ya skopu kuna springi imechoka.

Mstari wa kwenda juu na chini. Shuku risasi zenyewe (mwendo hauko sawa), au sehemu unayolaza ubao inabadilika, au mbele ya ubao kunagusa mtutu, au pumzi zako.

Mstari wa kulia na kushoto. Mara nyingi ni mtu na triga, au shavu halikai sehemu moja kwenye ubao, au unainamisha bunduki upande. Upepo? Kwa mita 100 na .375 upepo wa kawaida sio sababu ya sentimita kumi, tusiusingizie.

Zinatembea upande mmoja kadri unavyopiga, namba 1 katikati, namba 2 juu kidogo, namba 3 juu zaidi na kulia. Hiyo ni joto, na karibu kila mara mtutu unagusa ubao mahali fulani.

Zimetapakaa tu hazina mpangilio. Skopu imekufa, mdomo wa mtutu umeumia, mtutu umejaa uchafu wa shaba, au mpigaji anaogopa bunduki. Hii ya mwisho ni nyingi kuliko watu wanavyopenda kukubali.

Ni dalili tu, sio hukumu, zinakuambia uanzie wapi.

Na ujue unatafuta nini. Bunduki ya kuwindia ya .375 na risasi za dukani ikikupa tano ndani ya sentimita nne au tano kwa mita 100, iko salama, nyati wengi wanapigwa chini ya mita 80. Usihangaike kutafuta sentimita moja na nusu kama wale wa kwenye video, muda huo fanya mazoezi ya vijiti.

MTU KABLA YA CHUMA

Jaribio la bure kabisa: mpe mwenzako anayejua kupiga apige tano. Akipata kundi zuri, kaka, bunduki ni nzima. Inauma ila umeokoa hela ya fundi.

Kushtuka kabla risasi haijatoka ni ugonjwa wa kila mtu mwenye bunduki kubwa, na ubaya wake mwenyewe hauoni, kwa sababu mlio na teke vinafunika lile tendo. Kupima ni rahisi: mwenzako ndo apakie, wewe uangalie pembeni. Mara aweke risasi nzima, mara aweke risasi bandia ya mazoezi au aache chemba tupu, akupe bunduki bolti ikiwa imefungwa usijue kuna nini ndani. Unalenga, unavuta triga. Ikiwa chemba tupu na mtutu ukachota chini na macho yakafumba, jibu umelipata na mashahidi wameliona. Nimeona jamaa wazima wenye vifua vipana wakichota mtutu mpaka mfuko wa mchanga unapigwa, na kabla ya hapo walikuwa wanasema skopu ni feki.

Dawa yake ni kupiga vitupu vingi, sio kuvumilia teke. Risasi bandia kumi kwa moja nzima. Ukiwa mezani weka mfuko mdogo wa mchanga au taulo nene kati ya kitako na bega, vaa vizuia sauti vya masikio kwa sababu nusu ya woga ni mlio, na ubao wa mbele ushike kwa mkono kama utakavyoushika porini, .375 sio bunduki ya kuiacha ijirukie yenyewe kwenye mfuko. Kaa wima kadri unavyoweza, ukilalia meza bega linapokea teke lote halina pa kwenda.

Halafu angalia jicho. Jicho likikaa mbali sana au karibu sana unaona kivuli cheusi pembeni ya skopu, na kivuli kikiwa upande mmoja risasi inaweza kuhama. Kuna na hii habari ya paralaksi: laza bunduki kwenye mifuko ikae yenyewe bila kuishika, angalia karatasi mita 100, halafu sogeza kichwa kidogo kulia kushoto juu chini. Msalaba (ile mistari ya kulengea ndani ya skopu) ukionekana unatembea juu ya karatasi wakati bunduki haijasogea, basi kichwa kikikaa tofauti kila risasi unaongeza kosa. Skopu nyingi za kuwindia zimesetiwa kiwandani kwa yadi 100 au 150 kwa hiyo kwa umbali huo msalaba unatakiwa kutulia, kama una skopu ya nobu ya pembeni ya kurekebisha irekebishe mpaka utulie. Mara nyingi shida ni kwamba ubao uko chini na skopu iko juu, shavu linaning'inia halina pa kukaa. Kitambaa kilichokunjwa na kufungwa juu ya ubao kwa bendeji ya michezo kinatosha kabisa, sio cha kupendeza ila kinafanya kazi.

SKRUBU, SKRUBU, SKRUBU

Kama mtu yuko sawa mezani na bunduki bado inatawanya, sasa shika bisibisi. Hapa ndo penye majibu mengi na ndo maana nakaa sana.

Bunduki ya mgeni imetoka Marekani au Ulaya ndani ya sanduku, imerushwa kwenye makontena ya uwanja wa ndege, ikapanda ndege ndogo au ikakaa nyuma ya gari masaa kadhaa kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi. Mtikisiko ule unafungua skrubu polepole. Ndo maana kwenye kambi yoyote inayojielewa mgeni anapiga shabaha siku ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna seti tatu za skrubu na ziangalie kwa mpangilio kutoka chini kwenda juu.

Ya kwanza, skrubu za kushikilia chuma kwenye ubao, ziko chini, mbele na nyuma ya magazini. Zikilegea chuma kinasogea kila teke. Kiasi cha kukaza kinategemea bunduki na ubao, kwa ubao wa mti wa kawaida wengi wanakaa kwenye inchi-paundi (kipimo cha nguvu ya kukazia) 35 mpaka 45, ubao wenye kizuizi cha aluminiamu ndani unapanda mpaka 65 hivi. Angalia kitabu cha bunduki yako, kikitofautiana na mimi fuata kitabu. Kama huna bisibisi ya toki (ile inayopima nguvu ya kukazia), azima au nunua, ni kifaa kimoja ambacho hutajuta. Na bunduki kama Winchester Model 70 zenye skrubu ya tatu katikati, ile ya kati ni ya kushikiza tu, usiikaze kwa nguvu, ukiikaza unapinda chuma na unatengeneza ugonjwa mpya. Kaza ya mbele, halafu ya nyuma, ya kati ya mwisho na kwa upole.

Ya pili, skrubu za besi, zile zinazoshika reli au vipande juu ya chuma. Hizi zimejificha chini ya ringi na skopu kwa hiyo hakuna anayezikagua, fundi aliyefunga miaka mitano iliyopita ndo wa mwisho kuziona. Shika skopu kwa mkono uitikise kwa nguvu ya wastani, ukisikia hata mchezo mdogo toa yote. Futa mashimo na nyuzi za skrubu kwa spiriti au asitoni mpaka mafuta yaishe, weka tone la ile gundi ya skrubu ya bluu (sio nyekundu, nyekundu utakuja kuhitaji moto kuifungua), kaza inchi-paundi 20 hadi 25 hivi. Angalia pia kama skrubu ni ndefu mno, skrubu ya mbele ikigusa mtutu au nyuzi za mtutu kabla haijabana besi, itakudanganya imekaza kumbe besi inacheza.

Ya tatu, skrubu za ringi. Hizi watu wanazikaza mpaka alenki inalia. Inchi-paundi 15 hadi 18 zinatosha kwa ringi nyingi. Ukizidisha unaminya bomba la skopu na vile vya ndani vinakwama, halafu kliki zinakuwa hazina maana. Kaza kwa kupishana, kushoto kidogo kulia kidogo, nafasi ya pande zote mbili ibaki sawa. Kama ringi zinakaa kwenye reli ya mifereji, zisukume MBELE kuelekea mdomo wa mtutu huku unakaza, kwa sababu bunduki ikipiga inarudi nyuma na skopu inataka kubaki ilipo, kwa hiyo inateleza mbele. Ukitoa ringi ukakuta mkwaruzo unaong'aa kwenye bomba la skopu wa kwenda mbele, umemshika mwizi.

Ukishamaliza chukua rangi ya kucha ya dada yeyote, chora mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila skrubu kwenda kwenye chuma, na mwingine kati ya bomba la skopu na ringi. Kesho ukitaka kujua kama kuna kilichosogea huhitaji bisibisi, unaangalia mistari tu.

Sasa rudi mezani upige tano. Usifanye kingine. Kitu kimoja, halafu piga, halafu andika. Ukikaza skrubu, ukasafisha mtutu na ukabadilisha risasi siku moja, bunduki ikipona hujui imeponywa na nini na ikirudia utaanza upya.

SKOPU YENYEWE

Skopu inakufa kimya kimya. Kwa nje kioo safi, msalaba upo, ndani springi inayoshikilia bomba dogo imechoka na msalaba unarudi sehemu tofauti kila teke. Skopu za bei chee zilizotengenezwa kwa ajili ya .22 zikiwekwa kwenye .375 hazichukui muda.

Jaribio zuri ni la sanduku. Piga moja katikati. Panda kliki 20 juu, piga. Kliki 20 kulia, piga ukilenga katikati pale pale. 20 chini, piga. 20 kushoto, piga. Ya tano lazima iangukie kwenye ya kwanza au jirani yake kabisa. Kwa skopu ya kliki za robo MOA (MOA ni kipimo cha pembe), kliki moja mita 100 ni kama milimita 7, kwa hiyo kliki 20 ni sentimita 14 na kitu kila upande, zile za Ulaya nyingi kliki moja ni sentimita 1 kwa mita 100 kwa hiyo unapata sentimita 20. Sanduku likitoka limepinda, au la tano halirudi, skopu haina maisha.

Hutaki kuchoma risasi? Funga bunduki tupu kwenye mifuko isisogee kabisa, weka mbele karatasi iliyochorwa mistari ya sentimita, zungusha nobu huku unaangalia msalaba unatembea. Ukizungusha kliki tatu hausogei halafu ya nne unaruka, jibu ndo hilo. Hii haikuonyeshi kama teke linauhamisha ila inakamata skopu mbovu nyingi bila mlio hata mmoja.

Na kuna njia fupi kuliko zote: toa skopu, weka nyingine ambayo unajua ni nzima kutoka bunduki nyingine inayopiga vizuri. Kundi likirudi kuwa zuri, umemaliza. Kama bunduki ina saiti za chuma (vya kulengea bila skopu), zenye kuaminika, piga nazo mita 50 uone. Bunduki ikikaa vizuri kwa saiti za chuma na kutawanya kwa skopu hakuna mjadala tena.

UBAO NA MTUTU

Chukua noti, yoyote ile, ipitishe kati ya mtutu na ubao kuanzia mbele kabisa uirudishe mpaka karibu na chemba. Inapokwama ndipo panapogusa. Bunduki nyingi za sasa zinataka mtutu uwe huru wote. Kuna zingine, hasa za zamani, kiwanda kimeacha kwa makusudi kijinundu mbele ya ubao kinachosukuma mtutu, hizo usikimbilie kuchonga, piga kwanza.

Mti ni mti hata ukipakwa mafuta. Ubao wa mti wa walnut uliokauka vizuri mwezi wa tisa kule pori la akiba la Rungwa sio ule ule mwezi wa tatu mvua zikiwa zimeshika, unanyonya unyevu, unavimba, unaanza kuusukuma mtutu upande. Ndo maana mtu anakuambia bunduki yangu msimu uliopita ilikuwa nzuri, sijaigusa, na anasema kweli. Msasa mdogo uliozungushiwa kijiti cha unene wa mtutu unatosha kufungua nafasi, chonga kidogo kidogo, halafu paka sili ile sehemu iliyobaki mbichi, ukiacha mbichi itanyonya maji zaidi ya mwanzo. Ubao wa plastiki nao sio malaika, ile laini ukiilazia mfuko kwa nguvu au ukivuta mkanda wa bega inapinda mpaka inagusa mtutu. Bonyeza kwa mkono uone.

Toa chuma kwenye ubao uangalie ule mti unaopokea lile jino la chini la chuma linalobeba teke. Ukiona umepondeka, una nafasi, au kuna ufa mwembamba nyuma pale chuma kinapoishia karibu na kiganja, hiyo .375 imeanza kupasua ubao wake. Kumwaga gundi ya epoksi mahali pa jino ni kazi inayofanyika nyumbani kwa mtu mvumilivu, lakini bila ile dawa ya kuzuia kunata unaunganisha bunduki na ubao milele, kwa hiyo kama hujawahi mpelekee fundi mwenye leseni.

Mtutu wenyewe: safisha kutokea nyuma kwenda mbele, sio kuingiza fimbo mdomoni, maana fimbo inakula ule ukingo wa mdomo na ukingo ndo kitu cha mwisho kugusa risasi. Pitisha pamba ya masikio kwenye ukingo kuzunguka, ikinasa nyuzi sehemu moja kuna kidonda. Ndani ukipitisha kitambaa chenye dawa ya shaba kikatoka na rangi ya bluu-kijani, shaba bado ipo, endelea, ila usiache dawa kali ya amonia ilale humo usiku kucha. Halafu ujue kwamba mtutu uliosafishwa ukaachwa na mafuta, risasi ya kwanza inaweza kwenda kivyake. Kausha kwa kitambaa, piga moja au mbili kabla ya kuhesabu, na ukishaingia msimu usisafishe mtutu usiku kabla ya kuwinda kisha utegemee ile ya kwanza asubuhi.

RISASI

Hapa napita haraka kwa sababu sheria ni moja, usichanganye. Softi (risasi ya ncha laini inayopanuka) ya greini 300 na solidi (ngumu isiyopanuka) ya greini 300 za kampuni moja, greini ikiwa kipimo cha uzito wa risasi, zinaweza kupiga sehemu tofauti, sembuse greini 270 na 300 za kampuni mbili. Mtu anapakia softi juu na solidi chini kwenye magazini, sawa, ndivyo inavyofanyika kwa nyati, lakini zote mbili zipigwe karatasini kwanza ujue zinatofautiana kiasi gani. Angalia namba ya toleo (risasi zilizotengenezwa pamoja) kwenye boksi, kama unaweza pata risasi za msimu mzima kutoka toleo moja. Na usiziache kwenye dashibodi ya gari juani, baruti ikipata moto presha inapanda na mwendo unabadilika, bolti ikianza kuwa ngumu kufunguka ni dalili mbaya, acha kupiga.

Kama umefika huku na bado inatawanya, jaribu aina mbili tatu tofauti za risasi. Kuna mitutu inachukia risasi fulani bila sababu unayoweza kuiona.

UKISHAPATA UGONJWA, NDO SASA NOBU

Toa bolti, laza bunduki kwenye mifuko, chungulia ndani ya mtutu, sogeza bunduki mpaka alama uliyoiweka mita 25 ikae katikati ya duara la mtutu, halafu bila kusogeza bunduki leta msalaba pale pale kwa nobu. Piga moja mita 25. Kwa .375 yenye skopu ya urefu wa kawaida unataka tundu liwe kama sentimita moja na nusu au mbili chini ya ulipolenga, hapo mita 100 utakuwa karibu sana. Kumbuka mita 25 kliki inasogeza robo tu ya inavyosogeza mita 100, kwa hiyo usishangae kliki nyingi. Kisha nenda mita 100, piga tatu, tafuta katikati ya kundi lote, sio tundu moja, sogeza kwa hesabu ya mara moja, piga tatu za kuhakikisha. Basi, funika nobu.

Siku zinazofuata kila asubuhi mtutu ukiwa baridi piga MOJA tu kwenye karatasi ile ile ya mita 100, andika tarehe pembeni ya tundu, rudisha bunduki kwenye mfuko wake. Asubuhi nne au tano tundu zikiwa zimekaa pamoja bila wewe kugusa kitu, ondoka nayo. Moja ikitoka nje, angalia mistari ya rangi ya kucha kwanza kabla hujamlaumu mtu.